Asilimia Kumi na Tisa

Kumb. Na. — "hapo paache wazi," asema,
"watapajaza wenyewe siku wakinikumbuka."
Koplo mstaafu Mfaume Malibiche
amekaa kwenye stuli yangu ya plastiki,
mguu mmoja sakafuni,
ule wa mti ameuvua, ameuegemeza kwenye mashine ya fotokopi
kama mteja anayengoja zamu yake.

Nachapa barua hapa Newala, mkabala na stendi.
Elfu moja ukurasa. Picha za pasipoti, mikataba ya mikorosho,
vijana wanaoomba kazi ya ulinzi Mtwara mjini.
Rufaa zake sikumbuki niliacha lini kuzitoza.

YAH: MALIPO YA ULEMAVU.
"Weka wino mzito."
Naweka.

Barua yao imekunjwa mara nne, inaanza kukatika mikunjoni.
Bodi imekaa. Bodi imepima. Bodi imeridhika
kwamba ulemavu wako ni asilimia kumi na tisa.
Kiwango cha kulipwa ni ishirini.
Tunakutakia afya njema.

Goti lipo, wanasema. Goti limehesabiwa upande wao.
"Sasa mwanangu, hiyo moja niliidondosha wapi?
Ng'ambo ya Kagera, kwenye ule mgomba?
Au hospitali, ndani ya ile ndoo?
Maana mimi nilikabidhi mguu, sikukabidhi hesabu."

Sina jibu. Naandika:
Rejea barua yenu ya tarehe tajwa hapo juu.

Mara ya kwanza walisema jalada halionekani.
Siku ile alicheka mpaka akakohoa:
"Basi viko pamoja, jalada na mguu, vinatembea."
Mara ya pili wakataka shahidi aliyekuwepo.
Akanitajia majina saba,
na mbele ya kila jina nikachapa: marehemu.
Mara ya tatu walituma fomu mpya.

Leo kaja na mkewe. Hajawahi kuja.
Bi Somoe kasimama mlangoni, kiti hataki.
"Andika maji," asema.

Maji?

"Mwaka aliorudi, bomba la hapa lilikuwa linatoa upepo.
Wanaume waliteremka bondeni na baiskeli,
wakapanda mlima wakisukuma madumu manne manne.
Baiskeli na sisi tulikuwa nayo.
Ilikaa ukutani mpaka kuku wakaitagia.
Nikateremka mimi. Alfajiri. Ndoo kichwani, mtoto mgongoni,
miaka kumi na mmoja.
Waulize hao mabwana,
utosi wangu ni asilimia ngapi?"

Natafuta kwenye fomu yao.
Kuna kisanduku cha jicho, kuna cha kidole gumba,
kuna cha sikio la kushoto peke yake.
Cha utosi wa mke hakuna.
Nachapa pembeni: Tazama kiambatisho.
Kiambatisho chenyewe kasimama mlangoni,
anapangusa vumbi kwenye kioo changu kwa pindo la kanga.

Koplo alikuwa kimya. Kisha:
"Hapo chini, ulipoweka naomba. Futa."
Mzee, barua za serikali ndivyo zinavyoandikwa.
"Nimeomba mara tatu. Mtu anaomba chumvi kwa jirani.
Weka nadai."

Nikaweka. Umeme ukakatika.

Tukakaa gizani watu watatu na mguu wa mti.
Nje bodaboda zinapiga honi, mtu anauliza nauli ya Kitangari.
Hakuna aliyesema kitu.
Umeme uliporudi, kompyuta ilikuwa imesahau mistari sita,
na pale chini ilikuwa imerudi kuwa naomba.
Alinitazama. Sikungoja aseme.
Nadai. Nikahifadhi kwanza, ndipo nikavuta pumzi.

Alitia sahihi polepole, jina likimsumbua mkono,
lakini namba ya jeshi ilitoka yote kwa mpigo mmoja.
Akavaa mguu. Mikanda mitatu, wa katikati kamba ya katani.
Kwenye kaunta waliacha korosho, zimebanguliwa, kwenye mfuko wa sukari.

Barua sikuifuta kwenye mashine.
Ya tano itahitaji kubadilishwa tarehe tu.