Punje Nne

Theluji imefukia, njia iendayo Oni,
Jiko la kuni lalia, mvuke u dirishani,
Nazibrola atulia, chaki yake kidoleni,
Anakili beti moja, ya Otia, ubaoni.

Otia haulizíki: kaburini ana mwaka,
Si wino, wala si chaki: mkaa ulitumika,
Kwenye kibanda cha nyuki, mlangoni, wasomeka.
Kwao pia ni "shairi", jina hilo lazunguka.

"Si ule wa tano-tatu, unaochechea kando,
Huu wenda kama kwatu: nne nne, ndio mwendo.
Pigeni chini viatu, kisigino kiwe nyundo!"
Sakafu ikatetema; wa kwanza kugonga, Bondo.

"Nipeni hesabu yake: mizani, vina na hali."
Bondo maharagwe yake, ayapanga mbalimbali,
Silabi na punje yake, nne kwa nne, kamili,
Kumi na sita apata, wa kwanza, hata wa pili.

Wa tatu nao timamu; wa nne haukujaa:
Punje nne zenye hamu, mkononi zashangaa.
"Ni mauti!" "La, wazimu!" Darasa lote lang'aa.
Naye mwalimu: "Huzuni. Andikeni." Akakaa.

Nazibrola, kwa huzuni, hutoa alama tisa,
Kicheko ukibaini, tano tu, tena kwa visa.
Bondo atazama chini, punje zile apapasa:
Babu yake alilia? Lini, wapi, na kwa kisa?

Jioni, kwa Darejani, Bondo auliza wazi.
Bibi akata, jikoni, vitunguu, na machozi.
"Huzuni? Huzuni gani? Ni nguruwe mpuuzi!
Kaingia mahindini, babuyo kaacha kazi.

"Aliporudi, mchovu, akanawa, akalala.
Nikasema: we mvivu, malizia! Naye: La, la,
Neno lile lilo bivu, nguruwe ameshakula.
Alicheka? Sikumbuki. Chukua sahani, kula."

Wakataja, kwa fahari, bei mpya ya mafuta,
Redio ikakariri, baridi inayokata,
Kuhusu lile shairi, neno halikufuata,
Ila vidole, mezani, nne nne, vikapita.

Usiku, Bondo na taa, theluji i magotini,
Asoma tena mkaa: vina vitatu ni "ani".
Punje nne akatwaa, akazipanga pengoni.
Daftarini, kwenye "hali", hakuandika "huzuni",

Wala hakutia "raha"; akafunga. Yu njiani.
Mizingani kuna siha, nyuki wavuma gizani,
Jikoni, bila karaha, bibi aosha sahani.
Kumi na mbili asoma, kisha: ewe