Zamu ya Maji

Zamu ya maji ya Toryalai iliangukia saa nane za usiku,
kwa hiyo alimtuma Ezmarai, miaka kumi na mmoja,
koleo begani, akafungue mfereji
maji yaingie kwenye mikomamanga.

Kilichokuwa kikitazama kutoka juu
hakikujua mikomamanga wala zamu.
Kiliona joto la mtu
na kitu kirefu begani.

Mimi nilikuwa mkalimani. Nilikaa katikati,
kwenye kiti cha plastiki, baina ya kapteni na baba,
mdomo wa kukodi.

Kapteni alikuwa kijana mwenye adabu. Alivua miwani.
Fomu yake ilikuwa na safu:
ukuta, mti wa matunda, ng'ombe, mtu.
Miti aliihesabu vizuri, kumi na minne,
akauliza umri wa kila mmoja,
maana mti wa miaka tisa hauna bei moja na mche.
Kisha akafika kwa mtoto:
kuna karatasi yoyote inayoonyesha kwamba alikuwepo?

Toryalai akaingia ndani, akatoka na daftari la hesabu,
kurasa mbili zimeandikwa, zilizobaki nyeupe.
Kapteni akalipiga picha, mbele na nyuma.

"Mwambie," akasema, "hii si fidia."
Nikamwambia.
"Mwambie si diya pia. Serikali yetu haikiri kosa.
Ni rambirambi tu, kwa moyo mwema."

Hapo ulimi ukaninasa.
Rambirambi huletwa na jirani,
mtu asiye na mkono katika kifo,
anayekaa kimya, akanywa chai yako, akalia.
Ubani hutoa anayezika.
Nilitafuta neno la fedha itokayo kwa aliyeua
ikiwa imevaa kanzu ya jirani,
sikulipata. Nikasema tu: "Wanakupa pole."
Toryalai akauliza, "Pole ya nani?"
Hilo sikulitafsiri.

Akachovya kidole gumba kwenye wino wa buluu.
Noti zilikuwa mpya, zimegandana.
Akalamba kidole azihesabu,
akakumbuka wino, akatema.

Sasa sikiliza, maana hili halikuingia kwenye fomu.
Usiku ule aliyefungua mfereji hakurudi kuufunga.
Maji hayajui matanga. Yalikwenda mpaka alfajiri,
yakajaza shimo lile, yakafurika,
yakavuka mpaka, yakalala kwenye vitunguu vya Sher Agha
siku mbili kabla ya kuvunwa. Vikaoza vyote.
Sher Agha hakusema neno.
Alibeba jeneza, upande wa mbele, kushoto.

Siku ileile ya noti, vumbi la magari halijatua,
Toryalai akavuka mpaka, nami nyuma yake,
sijui kwa nini, kazi yangu ilikuwa imekwisha.
Akasimama mlangoni pa jirani, bahasha mkononi.

"Maji yangu yameharibu vitunguu vyako.
Zamu ilikuwa yangu. Kosa ni langu.
Taja bei."

Kosa ni langu.
Maneno matatu. Nimelipwa miaka minne kuyabeba maneno
kutoka mdomo hadi mdomo, na haya
sikuwahi kupewa niyabebe.

Sher Agha akashika mlango asianguke.
Alikataa, akakataa, akakataa tena,
mwisho akachukua noti moja,
kwa sababu kukataa kabisa
ni kumwambia mtu kwamba neno lake halina uzito.

Siku hizi naishi mji wa theluji, naosha sahani za watu.
Nikisimulia, huuliza zile fedha nyingine alizifanyia nini.
Sijui.
Najua tu kwamba zamu iliyofuata alikwenda mwenyewe,
usiku, katika bonde la Arghandab,
mabega matupu,
akainama,
akafungua mfereji kwa kucha.