Dakika Kumi za Mwadime

Barua pepe haijaenda.
Imeketi kwenye kikasha cha kutoka,
herufi zimekoza,
kama mgeni aliyekwisha vaa viatu
na mlango haujafunguliwa.

Bosi anasema ni mtandao, wamechimba tena pale Makupa.
Keshia anasema ni uzito: nani aliyeambatisha
picha kumi na mbili za kontena lililopasuka?
Katana wa getini hasemi kitu,
anaangalia dari kama anayemjua mhusika.

Mimi namjua. Ni Mwadime.
Mwaka juzi Nyevu alimtumia mshindani wetu
bei zote za mteja wa vigae,
kisa majina mawili yanaanza na herufi moja.
Alilia hapa hapa, kwenye kiti hiki changu.
Mwadime, fundi wa kompyuta, hakumlaumu.
Alivuta stuli, akaandika kanuni:
kila kinachotoka ofisi hii ya Shimanzi
kingoje dakika kumi.
Maji yakimwagika hayazoleki, walisema;
yeye akaweka beseni chini.

Basi zinangoja. Ankara ya vigae,
ombi la likizo la Mwakio,
hati za forodha za gari lililofika bila usukani,
na yangu, kwa dada yangu Zulfa, Maskati:
*Nyumba ya Kibokoni iuzwe. Nipe changu. Usiniite ndugu.*
Foleni moja. Mashine haijui
ipi ni bili, ipi ni kisu.

Dakika ya pili nilikuwa na haki.
Ya nne nikaenda kubandika chai; tangawizi imekwisha.
Ya sita lori lilikuwa linarudi nyuma uani, linalia pii, pii,
nikamwona Zulfa amechuchumaa ananifunga kamba za viatu,
ghafla tu, bila sababu.
Ya nane nikaisoma tena. Haki bado ninayo,
lakini haki ya mwenye duka
aliyefunga kufuli na wateja wamo ndani.

Ya tisa nikaifungua, nikafuta,
nikaacha salamu peke yake.
Chini ya salamu nikauliza:
*Ile rangi ya mlango wa mbele,
mama alikuwa akiipa jina gani?*

Tuma.

Dakika kumi zikaanza upya,
na mimi, niliyekuwa nikimwombea Mwadime dua sasa hivi,
nikaanza kumlaani.