Neno la Siri

Kompyuta ya Letasi imepitia mikono mitatu kabla ya wake.
Herufi L imeng'oka; anabonyeza kijishimo kwa ukucha.
Ina kila kitu, ila haina mlango wa kutokea.
Mlango ninao mimi, mfukoni mwa aproni,
pamoja na chaki, pini na risiti ya cherehani:
simu yenye ufa, na bando la shilingi elfu mbili
linalokata roho saa sita ya usiku.

"Mama, washa. Nigawie."

Sikujua simu hugawa.
Najua kugawa unga wa muhogo, chumvi, kaa la moto
kwa jirani anayekuja na kigae.
Chumvi ukiigawa, unaona kopo linavyoshuka.
Hiki hakimwagiki. Kinapita ukutani bila kubisha,
na simu inapata homa kiganjani mwangu
kama yai ambalo kuku ameliacha sasa hivi.

Kisha ikataka neno la siri.
Herufi nane, zisipungue.
Letasi akasema weka lolote, weka moja hadi nane.
Vidole vyangu, vilivyozoea uzi,
vikaandika polepole, herufi kwa herufi,
jina ambalo nyumba hii haijalitamka miaka sita:

Ayikobua.

Nilihesabu. Nane kamili.
Ayiko ni furaha, hilo hata mtoto wa Vurra analijua.
Alipanda lori la mbao kuelekea Bunia, utingo,
na sweta langu la kijani, na deni la soda dukani kwa Bakhita.
Deni nililipa.
Matanga hatukuweka, basi hatuna cha kuanua.

Letasi alitazama kioo cha simu, akanitazama mimi,
akaliandika upande wake bila kukosea.
Hakusema kitu. Mashine ndiyo iliyosema:
Imeunganishwa.

Saa nne na nusu. Fomu ya chuo cha uuguzi, kurasa saba,
na jina lake mwenyewe linaanzia kwenye kile kijishimo.
Cheti cha sekondari kilipanda kama mjamzito ngazini:
asilimia thelathini na moja,
thelathini na moja,
thelathini na moja,
arobaini.
Mimi nilikuwa mlingoti dirishani,
kwa kuwa hapa mtandao huingia kwa dirisha la nyuma tu,
na ukisogeza mkono shibiri moja magharibi
simu hudaka mnara wa ng'ambo, inakuandikia
Karibu Kongo,
na salio linameguka.

"Mama, usitikisike."
Sikutikisika. Mbu walikula walichotaka.

Saa tano na dakika hamsini akapiga yowe dogo.
Imefika!
Akafunga kompyuta, akalala na viatu.

Zilibaki megabaiti kumi na nane, na dakika kumi za kuzila.
Mtu mwenye akili angezima.
Rajabu, fundi simu, alishaniambia mgawo huu
hauvuki hatua thelathini, na hapo ukuta uwe mmoja.
Najua. Mimi kazi yangu ni vipimo,
sijawahi kumkatia mtu suruali kwa matumaini.

Lakini nilisogea shibiri moja magharibi,
nikangoja ile karibu iingie,
nikapitisha mkono kati ya nondo za dirisha
simu ikiwa bado inagawa.

Neno la siri hapewi kila mtu.
Ila yuko mmoja, popote alipo,
asiyehitaji kuambiwa.
Akiulizwa,
na aandike jina lake.