Mizani

Washairi wana mizani yao. Hii yangu hutumia betri mbili,
imekaa juu ya kabati, chumba cha saba, hospitalini Bahía Blanca,
ambako kazi yangu ya usiku ni kupima nepi.
Nepi kavu: gramu ishirini na mbili.
Kinachozidi hapo ndicho habari.

Siku ya sita leo, Nazarena hana habari.
Ana miaka mitatu. Uso umevimba kama mkate uliolowekwa;
ukiubonyeza mguu, kidole huacha shimo,
na shimo halina haraka ya kufukika.
Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Kwake damu imekonda, chembe zimepasuka-pasuka,
na maji ndiyo mazito: kilo mbili
za maji yasiyo na pa kutokea.

Tumboni tumempitisha mpira mwembamba.
Maji ya dawa yanaingia, yanakaa, yanatoka
na uchafu ambao figo zimegoma kuutoa.
Zimegoma, namwambia baba yake, hazijafa.
Migomo anaijua, ni mtu wa reli.
"Mgomo huisha," anasema.
"Mwingine," nasema, kisha nauma ulimi.

Anaitwa Anselmo. Ananuka moshi hata baada ya kuoga,
au ni yeye tu anayeisikia harufu hiyo.
Jumapili ya pili ya Januari, joto la kusini likipasua bati,
alichoma nyama ya kusaga, vidonge vya mviringo,
nje imekauka, ndani nyekundu.
Ile nyekundu ndiyo aliyompa.
"Kwa sababu ni laini," ananieleza, usiku huu na ule wa jana,
"kwa sababu meno yake bado madogo."
Kidudu hakionekani kwa macho, namwambia.
Hilo halimsaidii.
Mkono wake mwenyewe anauona vizuri sana.

(Bibi Delfina amemwahidi mtakatifu wake nywele zake zote.)

Usiku wa tisa, saa tisa,
alinijia na nepi mikononi kama mtu aliyebeba yai.
"Pima."
Gramu sabini na nane.
Nikaiinamia. Mkojo wa mtoto, baada ya kiangazi kama kile,
hunuka, hunuka kama kitu kilichofungiwa.
Huu haukunuka. Ulikuwa baridi.
Ulikuwa na harufu ya bomba la chooni, klorini na chuma.
Nikamtazama. Mkono wa shati lake
ulikuwa umelowa hadi kiwiko.

Ningeweza kumwambia papo hapo: kwa namba hii
daktari angemwongezea mtoto maji ya kunywa,
na maji hayo yangepanda mapafuni.
Nilimwambia, lakini baadaye, tukiwa tumekaa,
alipokwisha kulia kimya, ameiuma kofia yake.
Kwanza niliitupa nepi.
Kwenye karatasi niliandika: ishirini na mbili. Sufuri.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini ile haba ya kwanza
nani huikamua?

Siku ya kumi na mbili, alfajiri: thelathini na moja.
Gramu tisa. Vijiko viwili vya chai havifiki.
Rangi ya chai iliyolala, na harufu,
ah, harufu!
Nilimwita daktari, nikamwita na mfagiaji,
nepi ikapita mkono kwa mkono kama barua ya kutoka mbali.
Anselmo aliishika mwisho. Ilikuwa na joto.
Safari hii hakuniomba nipime tena.

Nazarena aliondoka wiki ya tano, na vidonge vya shinikizo la damu,
na ahadi ya kupimwa kila mwaka, labda maisha yote.
Kitandani mwake yuko Ciro, miezi kumi na saba,
ameletwa kutoka Coronel Dorrego,
siku ya pili leo hana habari.
Nimebadilisha betri.

Ile nepi ya maji ya bomba sijaiandika popote.
Naiandika hapa.