Gari ya Wagonjwa

Tuliinunua mnadani, nyuma ya ghala, Mkoani,
gari ya wagonjwa iliyochoka kubeba wagonjwa.
Dalali akacheka: "Bwana Shaame, kwani mwaumwa nyote wawili?"
Nikamlipa kwa kiinua mgongo,
maana mgongo wenyewe ndio huu, nao wataka pa kulala.

Fundi Jecha aling'oa machela, akapiga kitanda cha mbao.
Jiko la gesi, ndoo mbili, chandarua.
Mize akashona mapazia kwa kanga yake kuukuu,
maandishi yakatazama nje:
*Sisi tumetulia, nyinyi mwahangaika.*

Toka Mkoani hadi Kigomasha
dereva mwenye haraka hukimaliza kisiwa
baina ya adhuhuri na alasiri.
Sisi tulikitia siku kumi na moja.

Mwanetu akapiga simu kutoka Maskati.
"Baba, kuna nini? Nyumba imefanya nini?"
Haijafanya kitu, mwanangu. Imefungwa tu,
kuku wako kwa jirani.
"Watu watasemaje?"
Wameshasema. Kengeja walisema tumefukuzwa.
Mtambile, kwamba mmoja wetu ana maradhi ya kuambukiza.
Ole wakatuletea mkate wa mofa na chai ya mkandaa,
wakidhani ni watu wa sensa.

Miaka thelathini na mbili nilikuwa karani wa karafuu.
Kila kijiji nakijua kwa mzani:
huyu akileta kavu, yule kavu kwa juu, mbichi kwa chini,
yule kachanganya makonyo, kisha kaapa kwa mamaake.
Basi naonyesha kwa kidole, natamba na usukani,
na Mize kimya, anamenya chungwa.

Kwenye kona moja, penye majamvi ya karafuu yameanikwa hadi ukingo wa lami,
akasema, kama mtu anayetaja bei:
"Hapa, mwaka wa mvua kubwa, ndani ya gari hii hii,
alizaliwa mtoto katanguliza miguu.
Dereva alinishikia tochi, uso kageuza ukutani."
Na darajani: "Hapa pacha. Mmoja upande huu, wa pili ng'ambo.
Hadi leo wabishana nani wa shehia gani."

Nikapunguza mwendo.
Usiku huo mimi nilikuwa nimelala.
Asubuhi hukuta kanga imefuliwa, iko kambani,
namuuliza, "Zamu ilikuwaje?"
"Salama."
Neno moja, miaka yote ile,
nami karani nalipokea bila kulipima.

Tulipokaribia Mzambarauni akasema, "Usisimame hapa."
Sikusimama.
Usiku, mbu wakipiga hodi kwenye chandarua,
akanieleza la pale. Silisemi.
Nasema tu kwamba kitanda chetu kiko palipokuwa machela,
na kwamba mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye chuma cha ubavuni
ukakishika, kama mtu ashikavyo komeo la kwao gizani.

Kesho yake, Konde, mvua. Natafuta swichi ya waipa,
nabonyeza, king'ora kikalia!
Fundi aliniapia kwamba kimekufa.
Baiskeli yenye gunia ikatumbukia mtaroni,
skuli ikamwaga watoto wote barabarani,
wanawake wakatoka mbio na beseni, na kanga, na maji ya moto:
"Nani? Ana miezi mingapi?"

Mize akashuka, kajitanda, mvua yamtiririka.
"Mimi," akasema. "Nimeshajifungua njiani.
Mzee wa miaka sitini na sita,
kilo themanini na moja.
Na analia, alhamdulillahi."

Kweli nilikuwa nalia.

Kigomasha tulifika Alhamisi. Upepo na mnara, basi.
Tukapika wali, ukaungua, tukaula.

Kurudi nasimama kila kona.
"Na hapa?"
"Hapa hapana kitu. Endesha."