Kiinua Mgongo

Mashuka mia mbili kwa siku, yakawa themanini,
yakawa kumi na moja na foronya za Mzee Bafadhili.
Waitaliano wa Kasuarina wamefunga nyumba zao,
hoteli imenunua mashine, inajifulia yenyewe.
Mimi, hapa Maweni, nimebaki na bili ya maji
na pasi mbili zinazongoja nguo.

Juni nilianza na Twalib, mtoto wa dada yangu.
Wa mwisho kuingia. Nilimpa mwezi wake na haki yake.
Dada hadi leo hanipigii simu.

Agosti daftari likakataa tena kusikia.
Kufua kumebaki, Kahindi anafua na kupeleka.
Kupiga pasi hakuna.
Nikampima Dhahabu kwa miaka, hana mwenzake.
Nikampima kwa ufundi, hana mwenzake.
Lakini kazi yenyewe ilikuwa imeshamtangulia mlangoni.
Nikamuuliza, utaweza kufua?
Akaniwekea vidole vyake mezani, vifundo vimevimba,
tukavitazama wote wawili.

Shemeji akaninong'oneza: mtafutie kosa.
Kanzu iliyoungua haikosekani.
Nikamwambia, miaka kumi na mmoja ameunguza moja tu,
nayo ilikuwa yako, siku umeme uliporudi kwa ghafla.
Basi mwandike kibarua, kama aliyeingia jana.
Nikamnyamazia mpaka chai yake ikapoa.

Neno lenyewe, kupunguzwa.
Sukari hupunguzwa. Nywele hupunguzwa.
Suruali ya marehemu hupunguzwa imwenee mjukuu.
Mtu hupunguzwa wapi, upande gani,
na kile kilichokatwa hutiwa kapu lipi?

Barua niliiandika mara nne.
Ya kwanza iliomba radhi hadi ikasahau kusema jambo.
Ya pili ilijificha: "uongozi umeamua."
Uongozi ni mimi na kalamu ya bluu.
Ya tatu niliichana, sisemi kwa nini.
Ya nne ilisema: kazi ya pasi imekwisha.
Hukukosa. Siku yako ya mwisho ni hii.
Siku kumi na tano kwa kila mwaka uliotimia,
mara kumi na moja, ni mia moja sitini na tano.
Nakala nikampelekea afisa wa kazi,
akagonga muhuri bila kuinua macho.

Ilikuwa imekunjamana mkobani mwangu.
Dhahabu akaitandaza ubaoni,
akajaribu joto kwa kidole chenye mate,
akaipiga pasi polepole, pembe kwa pembe,
hadi mikunjo ikalala.
Ndipo akaisoma.

Mwezi mzima alikuja saa moja kasorobo
kunyoosha vichache vilivyokuwepo.
Jumanne moja nilimpa ruhusa akatafute kazi Watamu.
Alirudi na vumbi la njiani, hakusema kitu,
akamalizia shati alilokuwa ameliacha mkono mmoja.

Siku ya mwisho nikamhesabia, akahesabu baada yangu,
kwa kidole kile kile chenye mate.
Akahesabu tena.
"Mama Nasra, kuna siku tisa za likizo.
Mwaka ule mama alipofariki,
ukaniita nirudi, hoteli imejaa."
Nilikuwa nimezisahau.
Nilidhani haki yote nimeiandika,
kumbe nimeandika ile niliyoikumbuka.
Nikafungua droo, nikaongeza siku tisa.
Katika fedha zote nilizotoa mwaka huu,
ni hizo tu zilizonitia aibu.

Akatia saini. Akakipokea cheti cha utumishi,
akakisoma jina lake kwa sauti, kama anamwita mtu.
"Kiinua mgongo," akasema, mkono kiunoni,
akajaribu kujinyoosha.
Mgongo ukafika nusu ya njia, ukakataa.
Akacheka. Mimi sikujua kama nina ruhusa ya kucheka.

Kisha akachomoa waya, akauzungusha vizuri,
akaiacha pasi imesimama wima ubaoni,
kama anavyoiacha kila jioni.